Kuchemsha Hakuondoi Floraidi: Litumie Jua

Ndugu mkulima, ukienda Nairobi kumtembelea mwanao anayekaa Kayole au Embakasi, mtazame mjukuu wako meno. Katika mitaa hiyo ya Eastlands maji ya bomba hukatika mara kwa mara, na watu wengi hununua kwa mtungi maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Vingi vya visima hivyo vina madini ya floraidi kupita kiasi, kama vile visima vya sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto wa chini ya miaka 8 akinywa yaliyozidi, meno yake ya ukubwani huota na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa.

Akina mama wengi huyachemsha maji hayo. Kuchemsha ni kuzuri, maana huua vijidudu. Lakini mvuke ukipanda, floraidi na chumvi hubaki sufuriani. Basi, tuukamate ule mvuke.

Fanya hivi:

1. Tengeneza sanduku lisilovuja, mita 1 kwa mita 1. Ndani lipake rangi nyeusi isiyo na sumu.
2. Mimina maji, kina cha vidole viwili.
3. Funika kwa kioo cha dirisha kilichoinamishwa upande mmoja. Ziba nafasi zote.
4. Ndani, chini ya ukingo wa chini wa kioo, weka mfereji mdogo wa kupeleka matone kwenye chupa safi.
5. Weka juani. Kila asubuhi mwaga maji yaliyobaki, sugua sanduku, ujaze mapya.

Siku ya jua kali utapata lita 2 hadi 4. Julai, wakati wa mawingu, utapata pungufu. Usiyafulie nguo. Ni ya watoto kunywa na kupikiwa uji. Wakati wa mvua, kinga maji safi ya bati, nayo hayana taabu hiyo.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1872 masanduku ya namna hii yalijengwa Las Salinas, Chile, kwa ajili ya migodi. Na huko Kiunga, Lamu, mwaka 2018 ulianzishwa mtambo mkubwa wa nguvu za jua wa kuondoa chumvi majini.

Kumbuka: meno yakishaharibika, dawa yake ni ghali. Jua halina bei.