Klachi ya Feni ya Pikapu Kuukuu: Kuipima, Kuinunua na Kuibadilisha

Kijitabu hiki ni cha wenye pikapu za zamani, madereva wao na mafundi wa gereji za mtaani. Mfano wetu ni Toyota Hilux ya dizeli yenye injini za familia ya L, yaani 2L, 3L na 5L. Tumezichagua kwa sababu bado zinabeba mchanga, maziwa, mahindi na abiria huku na huko, na kwa sababu hazisamehe joto. Zikichemsha vibaya, silinda hedi hupinda au kupasuka, na bei ya hedi kila fundi anaijua. Mwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ naye atayatambua mengi yaliyomo humu.

Gari linalochemsha mlimani tu

Dereva anayetoka Morogoro kwenda Iringa na mzigo anaijua hali hii. Kutoka Mikumi mpaka Ruaha Mbuyuni mshale wa joto umetulia. Anaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, gia ya pili, jua la bondeni linawaka, na mshale nao unaanza kupanda. Akishafika juu na mwendo ukarudi, mshale unashuka wenyewe kana kwamba hakukuwa na tatizo. Wa Kenya huyaona hayo hayo akitoka Mai Mahiu kwenda Limuru, au kwenye foleni ya jioni jijini.

Mpangilio huo ni ushahidi. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unatosha kupooza rejeta. Likitambaa au likisimama, upepo pekee uliopo ni ule unaovutwa na feni. Kwa hiyo gari linalochemsha likienda polepole na kupoa likikimbia linakuelekeza kwenye feni na klachi yake. Linalochemsha hata kwenye tambarare kwa kasi lina shida nyingine: rejeta iliyoziba, themostati iliyogoma, pampu ya maji iliyochoka au gasketi iliyokatika. Usinunue klachi kwa ugonjwa usio wake.

Kilichomo ndani

Feni ya pikapu hizi haikufungwa moja kwa moja kwenye pampu ya maji. Katikati yake kuna klachi, kile kidude cha mviringo chenye mapezi ya aluminiamu. Ndani kuna sahani zenye mifereji zinazokaribiana bila kugusana, na mafuta mazito ya silikoni. Mafuta yakiwa kati ya sahani, sahani inayozungushwa na injini huikokota ile ya feni, kama mwiko unavyokokota sufuria ya ugali uliokaza. Mafuta yakirudi kwenye chumba chake cha akiba, feni inabaki kuzunguka kivivu.

Anayeamua ni springi bapa iliyojiviringa katikati ya uso wa klachi, upande unaotazama rejeta. Imetengenezwa kwa metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa moto, springi inajipinda, inafungua kilango, mafuta yanaingia kazini. Hewa ikipoa, kilango kinafungwa. Hakuna waya wala kompyuta, ndiyo maana klachi nyingi zimedumu miaka zaidi ya 20. Lakini mafuta huvuja taratibu, springi huchoka au huzibwa na tope, na beringi ya ndani hulegea.

“Bosi, tuichomelee tu”

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie, kwa kuwa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Fundi anashika feni, anaizungusha, anasema: “Bosi, klachi imekufa. Tuichomelee iwe dairekti, hutasumbuka tena.” Wengine hawachomelei, wanatoboa na kukaza bolti. Gharama ni ndogo, na siku hiyo hiyo gari linaacha kuchemsha. Tatizo linakuja baadaye.

Feni iliyofungwa dairekti huzunguka kwa kasi ya puli wakati wote, hata alfajiri ya baridi, hata gari likiwa kilomita 90 kwa saa ambapo haihitajiki kabisa. Nguvu inayoliwa na feni hupanda haraka kuliko kasi yake: ukiongeza kasi mara 2, nguvu inayohitajika inakuwa mara 8. Nguvu hiyo inatoka kwenye dizeli yako. Beringi ya pampu ya maji, ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo, inaanza kulia mapema. Mapanga ya plastiki yaliyokauka kwa umri yanaweza kukatika na kuruka, na yakiruka hupita kwenye rejeta au boneti. Ukivuka mto au dimbwi refu, feni inayozungushwa kwa nguvu ndani ya maji hujikunja mbele na kukata rejeta. Klachi nzima ingeteleza.

Ndugu wa ushauri huo ni ule wa kung'oa themostati. Themostati ya injini hizi hufunguka kwenye nyuzi 80 na ushei za Sentigredi. Ukiitoa, injini inakimbia ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi na kulika haraka. Tena kwenye injini nyingi themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji, hivyo bila hiyo sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kupitia rejeta. Gari likipanda mlima linachemsha palepale, na sasa una matatizo mawili.

Hatusemi kila aliyechomelea ni tapeli. Porini, umekwama na mgonjwa au maziwa, bolti moja inaweza kukufikisha mjini. Lakini ukifika mjini, itoe.

Kupima bila kubahatisha

Anza na macho. Zima gari, funua boneti, tazama uso wa klachi. Vumbi lililoshikana na unyevu wa mafuta, likiwa limechorwa kama miale kutoka katikati kwenda nje, ni silikoni iliyovuja. Halafu shika ncha za mapanga mawili yanayotazamana, sukuma moja na vuta lingine. Mchezo mdogo ni wa kawaida. Feni ikiyumba au ikigonga, beringi imekwisha. Angalia kama unaoyumba ni mhimili wa pampu yenyewe, kwa sababu hapo klachi mpya haitakusaidia.

Kipimo cha tatu ni cha mkono. Asubuhi injini ikiwa baridi, zungusha feni na usikie uzito wake. Baadaye endesha mpaka injini ishike joto, acha iungurume kwenye sailensa gari likiwa limesimama, kisha zima na kuondoa ufunguo. Zungusha tena. Klachi nzima ya moto hukataa. Feni hutembea kidogo na kusimama. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa kama ile ya mezani, imekufa. Isipozunguka hata kidogo asubuhi na jioni, na dereva analalamika kwamba gari linanguruma kama lori, imeshikana au mtu alishaichomelea kabla yako.

Mngurumo wa dakika moja au mbili baada ya kuwasha asubuhi usikutishe. Ni mafuta yaliyojikusanya usiku kati ya sahani, na yatarudi mahali pake.

Wapo wanaopima kwa kuingiza gazeti lililokunjwa kwenye feni inayozunguka. Tunakataza. Mkono ukiteleza ni vidole, si karatasi.

Dukani

Kariakoo au Kirinyaga Road utaonyeshwa za aina tatu: mpya halisi, mpya ya kuiga, na iliyotumika kutoka Japani. Za Toyota nyingi hutengenezwa na Aisin, na boksi lake huigwa pia, kwa hiyo usiangalie boksi tu. Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha kimo, matundu ya bolti, kipenyo cha kiti kinachoingia kwenye pampu na umbali kutoka kiti hadi mahali feni inapofungwa. Tofauti ya sentimita moja inatosha kuipeleka feni kwenye rejeta. Iliyotumika si dhambi, mradi uso wake ni mkavu, haina mchezo na inakataa kidogo inapozungushwa. Ila mafuta yake yana umri sawa na gari ilikotoka. Yoyote utakayonunua, ibebe na kuihifadhi ikiwa imesimama kama inavyokaa garini. Ikilazwa muda mrefu, mafuta huweza kuvujia kwenye beringi.

Kazi yenyewe

Subiri injini ipoe kabisa, ukiweza, ilale. Kifuniko cha rejeta kikiwa salama hushikilia shinikizo la takriban 0.9 bar, na ndani yake maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukikifungua yangali moto, yanachemka yote kwa mpigo na kukurukia usoni. Gari liwe kwenye tambarare, hendibreki imevutwa, magurudumu yamewekewa mawe, waya hasi wa betri umetolewa.

Jambo la kwanza, kabla ya kugusa feni belti, ni kulegeza nati 4 zinazoshika klachi kwenye pampu. Hizi huchukua spana namba 12, na nafasi ni finyu. Belti ikiwa bado imekaza ndiyo inayozuia puli isizunguke. Fundi aliyeanza kwa kutoa belti utamkuta baadaye anang'ang'ana na puli kwa bisibisi, na mara nyingi anavunja kitu. Legeza zote nne robo raundi, kisha ndipo ulegeze oltaneta na kutoa belti.

Simamisha kipande kigumu cha boksi mbele ya mapezi ya rejeta. Hii ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote: feni ikikuponyoka, inachana karatasi na si rejeta. Fungua kava ya feni kwa spana namba 10. Kama hozi ya juu inazuia, punguza kulanti kwanza kwenye beseni safi. Malizia nati, vuta klachi, feni na kava pamoja kuelekea juu. Shika puli, maana nati hizo hizo ndizo zilizokuwa zimeishikilia.

Kabla ya kutenganisha feni na klachi, weka alama ya upande unaotazama injini. Feni iliyogeuzwa inafungika vizuri tu, lakini upepo wake hauna nguvu, na utarudi Kitonga ukilaumu klachi mpya. Kagua mashina ya mapanga. Ufa wowote, feni itupwe. Tazama pia kitundu kilicho chini ya pampu ya maji. Alama za maji yaliyokaukia hapo ni pampu inayoomba kubadilishwa, na huu ndio wakati, kwa kuwa umeshafika.

Kufunga ni kinyume chake. Ingiza nati zote kwa vidole kwanza, zikaze mkabala mkabala, rudisha belti mpaka ukiibonyeza kwa kidole gumba ishuke kama milimita 10, kisha malizia kukaza nati. Stadi zake ni nyembamba. Bomba la kurefushia spana liache. Zungusha feni kwa mkono raundi nzima uhakikishe haigusi kava.

Baadhi ya pikapu za Kimarekani hazina nati nne. Klachi yake ina nati moja kubwa kwenye mhimili wa pampu, na nyingine hufunguliwa kwa kuelekea upande usioutarajia. Uliza kabla ya kutumia nguvu.

Baada ya siku ya kwanza ya kazi, injini ikiwa imepoa, pitia nati tena. Kulanti iliyomwagika ifute na kuikusanya. Ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa, mbuzi na watoto huifuata.

Ya zamani

Klachi ambayo beringi yake ni nzima na tatizo lake ni mafuta tu inaweza kujazwa upya. Toyota huuza mafuta ya silikoni kwenye vitubu vya mililita 18, ya uzito tofauti kama 3,000 na 10,000. Mazito zaidi hufanya feni ishike kwa nguvu zaidi. Fundi anafungua skrubu za ganda, anasafisha, anajaza kiasi kile kile kilichotakiwa na kufunga bila kupotosha springi wala kuharibu sili. Kazi hii inataka mkono mtulivu na meza safi. Oili ya injini, grisi au mafuta ya breki havifanyi kazi hiyo hata siku moja.