Somo la Robo Hii: Benki Inapokuja Kuchukua Nyumba

Somo hili ni la vikundi ambavyo wanachama wake wameweka nyumba rehani. Linahusu Tanzania Bara, na hasa siku ile dalali anapofika na mabaunsa na lori.

Deni ni halali na lazima lilipwe. Hakuna somo litakalolifuta. Lakini Kumbukumbu la Torati 24:10-11 linamkataza mkopeshaji kuingia nyumbani kwa mdaiwa kujichukulia rehani. Asimame nje. Sheria yetu haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inafanya kuwa jinai kuingia kwa mabavu ili kutwaa nyumba, iwe kwa kupiga, kutishia, kuvunja mlango au hata kukusanya kundi la watu lisilo la kawaida. Ni kosa hata kama anayeingia ana haki na nyumba hiyo!

Basi mwulizeni dalali, kwa upole, ametumwa na nani. Mwenye amri ya mahakama hapingwi mlangoni, anapingwa mahakamani. Mwenye barua ya benki tu ametumwa kuuza, hakutumwa kuvunja.

Hata hivyo nyumba nyingi hazipotei siku ya lori. Zinapotea pale notisi inapofichwa chini ya godoro kwa aibu, ili mwenzi asijue. Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyorekebishwa mwaka 2008, inaitaka benki itoe notisi ya maandishi inayoeleza kilichokiukwa, na kumpa mkopaji siku 60 tangu aipokee. Sheria ya Madalali nayo inataka mnada utangazwe angalau siku 14 kabla. Siku 60 zinatosha kwenda benki kuomba marejesho yapangwe upya (makubaliano yaandikwe, maneno ya afisa mikopo hayatoshi), au kutafuta mnunuzi wako mwenyewe. Wa mnadani huja kutafuta bei ya chini.

Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mama ambaye hakuridhia ana hoja nzito, ila aitoe mapema.

Kuhusu bei, benki inawajibika kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inaichukulia benki kuwa imekosea mpaka ithibitishe vinginevyo. Lakini angalieni: mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa, na aliyeonewa anaweza kubaki na madai ya fidia tu. Kwa hiyo pingamizi liende mahakamani kabla ya nyundo kugonga.

Baada ya mauzo, benki hukata deni na gharama zake. Kinachobaki ni mali ya mwenye nyumba. Wengi hawakiulizii. Ombeni hesabu hiyo kwa maandishi.