Diski imetuna, lakini kisu bado

Shangazi, shikamoo. Mimi ni dereva wa bajaji hapa Mbagala, nina miaka 39. Hii ni wiki ya tatu kiuno kinanikamata, na maumivu yanashuka mguu wa kushoto hadi kidole gumba. Nimepiga MRI, majibu yanasema diski ya kati ya pingili za L4 na L5 imetuna. Jirani anasema nisipopasuliwa nitapooza, na mke wangu ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja chetu. Mzee mmoja wa mtaani naye anasema akinikanyaga mgongo mara tatu diski itarudi. Nimsikilize nani?

Dereva mwenye mawazo

Marahaba, mwanangu. Kiwanja msikiuze, na huyo mzee mwambie asante, inatosha.

Diski ina ukuta mgumu wa nyuzi kwa nje na ute mzito ndani. Ikituna, ukuta umesukumwa nje kidogo, basi. Haikuchomoka, kwa hiyo hakuna cha kurudishwa kwa kisigino cha mtu, na kukanyagwa kunaweza kukuumiza zaidi. Mguu unauma kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita hapo kiunoni umebanwa au umekereka.

Hiyo picha isikutishe. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa Marekani: watu 98 wasioumwa mgongo walipigwa MRI, na zaidi ya nusu wakakutwa na diski iliyotuna walau sehemu moja. Walikuwa wanaendelea na shughuli zao. Majibu ya MRI yana maana pale yanapolingana na dalili zako. Yenyewe peke yake hayampeleki mtu chumba cha upasuaji.

Wengi wenye maumivu kama yako hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Ila usizimalizie kitandani. Siku moja au mbili za kujipumzisha si mbaya, lakini kulala wiki nzima kunadhoofisha misuli. Tembea dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Kazini usikae kwenye usukani saa tatu mfululizo ukigombania abiria. Kila nusu saa shuka, jinyooshe, zunguka bajaji. Kunja taulo uliweke nyuma ya kiuno. Mizigo ya abiria, wabebe wenyewe kwa sasa, hata wakinuna.

Muone mtaalamu wa fiziotherapia, hospitali nyingi za rufaa wapo. Huenda akakulaza kifudifudi na kukuambia uinue kifua kwa mikono, nyonga zikibaki kitandani. Hapo sikiliza mguu: maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, hata kama kiuno kitauma zaidi kidogo, zoezi linakufaa. Yakizidi kushuka mguuni, acha na umwambie.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni zitumie siku chache tu, baada ya kula, na kama una vidonda vya tumbo, presha au figo, muulize daktari kwanza. Hizi sindano za diklofenaki za kila wiki kwenye maduka ya dawa mimi sizipendi hata kidogo.

Zikipita wiki 12 na mguu bado unakunyima usingizi, hapo mazungumzo ya upasuaji ni halali. Na kama una homa za jioni, jasho usiku au unapungua uzito, omba uchunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo, maana mazoezi hayatibu kile.

Lakini ukishindwa kukojoa, mkojo au haja kubwa ikikutoka bila kujua, ukafa ganzi sehemu za siri na kuzunguka makalio, au unyayo ukaanza kuburuta, huo ni udharura. Nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kukuche.