SOMO: KUONGOZA MAJADILIANO BAADA YA FILAMU

Ndugu Katibu,

Filamu njema isipojadiliwa hubaki kuwa tamasha. Somo hili laeleza namna ya kuigeuza kuwa kazi ya chama. Mfano wetu ni "Black Gold" ya mwaka 2006, iliyotengenezwa na ndugu wawili Waingereza, Marc na Nick Francis. Yamfuata Tadesse Meskela, aliyekuwa meneja wa umoja wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa wa Oromia, Ethiopia, akiwatafutia wanachama wake bei ya haki.

Itazame wewe kwanza. Kwa kuwa haisemwi Kiswahili, tayarisha mfasiri. Baada ya maonyesho, wagawe wanachama katika vikundi vya watu wanane hadi kumi, na kila kikundi kifuate hatua hizi:

1. Tumeona nini? Kila mtu ataje jambo moja, kwa mfano wanawake wachambuao kahawa kwa mikono. Lawama zingoje.

2. Kwa nini yawe hivyo? Kiongozi aeleze kwamba bei ya kahawa ya arabika hufuata soko la New York, na kwamba mgao wa kimataifa wa mauzo ya kahawa ulisimamishwa mwaka 1989, bei zikaanguka.

3. Kwetu je? Hapa ndipo penye uzito. Kuilaumu New York ni rahisi. Kufungua daftari la chama ni kazi. Katibu aandike ubaoni hesabu ya msimu uliopita: kilo zilizopokelewa, bei ya kuuzia, kila kato na sababu yake, na kiasi kilichomfikia mkulima. Mwanachama aulizaye juu ya makato asikatizwe. Swali lisilojibiwa mkutanoni hujibiwa na uvumi njiani, na mkulima aliyepoteza imani huuza kahawa yake kwa mlanguzi.

4. Tufanye nini? Lipatikane azimio moja, lenye jina la mtekelezaji na tarehe ya kutoa taarifa.

Kiongozi aulize zaidi kuliko kusema. Awape nafasi akina mama na vijana, ambao huchuma kahawa lakini mara nyingi husikiliza tu mkutanoni.

Maswali ya kujadili katika halmashauri:
(a) Ni makato gani ambayo wanachama wetu hawayaelewi?
(b) Ni nani atakayeyaeleza, na lini?