Chagua Stopu za Ogani kwa Kusikiliza Waumini Wakiimba

Kamati ya kanisa ikishapata fedha za ogani ya mabomba, watu huuliza kwanza: ina stopu ngapi? Heri waulize hivi: waumini wakisimama kuimba, ni stopu ipi itakayowaongoza? Ogani ya stopu 7 zilizochaguliwa vizuri hubeba ibada miaka mingi. Yenye stopu 20 za mapambo huwaacha watu wakiimba bila mwongozo.

Stopu ni safu nzima ya mabomba yenye sauti ya namna moja, kwa kawaida bomba moja kwa kila kibonyezo. Mpigaji akivuta kishikio chake, safu hiyo hupata upepo. Akikirudisha, inanyamaza.

Soma namba kabla ya jina

Kila stopu huandikwa namba ya futi. Futi 8 hutoa sauti ile ile iliyoandikwa kwenye nota, na bomba lake la Do ya chini kabisa lina urefu unaokaribia mita 2.4. Futi 4 hulia oktavu moja juu, futi 2 oktavu mbili juu, na futi 16 oktavu moja chini. Msingi wa ogani ya kanisa ni futi 8, kwa kuwa hapo ndipo sauti za watu zilipo. Fundi akikuletea orodha iliyojaa futi 4 na futi 2 huku futi 8 ni moja tu dhaifu, irudishe.

Namba hiyo ni ya sauti. Bomba lenyewe linaweza kuwa fupi zaidi, kwani bomba lililozibwa kichwani hulia kama bomba wazi lenye urefu mara mbili. Kanisa lenye dari ya chini linaweza kupata futi 16 kwa bomba la takriban mita 2.4 tu.

Anza na Prinsipali

Gottfried Silbermann, fundi mkubwa wa Saxony nchini Ujerumani, alimaliza mwaka 1714 ogani ya kanisa kuu la Freiberg yenye stopu 44. Fundi huyo huyo aliyajengea makanisa ya vijijini ogani ndogo za kibodi moja, na humo pia mhimili ulikuwa Prinsipali na jamaa zake. Prinsipali ndiyo sauti halisi ya ogani: imara, wazi, haiigi ala nyingine. Mara nyingi mabomba yanayong'aa mbele ya ogani ni yake.

Nyimbo nyingi za Mwimbieni Bwana, kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), zina tuni zilizotoka Ujerumani, kwa hiyo mpangilio huo unawafaa waimbaji wetu. Kwa kanisa la ukubwa wa kati ningependekeza hivi:

Kibodi ya mikono: Prinsipali futi 8, Gedakti futi 8, Oktava futi 4, Filimbi futi 4, Oktava futi 2, na Mikstura ya safu 3.

Pedali: Subasi futi 16, pamoja na kiunganishi cha kuvuta sauti za mikono hadi miguuni.

Kibodi ikiwa na vibonyezo 56 na pedali 30, hayo ni mabomba 478. Kila stopu ina kazi yake. Gedakti, yenye mabomba yaliyozibwa, ni laini: humsindikiza mwimbaji mmoja, na huijaza sala kwa utulivu. Prinsipali na Oktava futi 4 huanzisha wimbo. Ongeza Oktava futi 2 waumini wakishachangamka. Mikstura, ambayo kila kibonyezo chake huliza mabomba kadhaa membamba kwa pamoja, iwekee ubeti wa mwisho na sikukuu. Subasi hutia kina chini ya yote.

Mapambo yasubiri

Wengi hutamani tarumbeta mapema. Tarumbeta ni stopu ya ulimi: ndani ya bomba lake kuna kijibapa cha shaba kinachotetemeka. Ni tamu, lakini inadai uangalizi. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, mabomba ya kawaida hupanda sauti karibu theluthi moja ya nusutoni, ilhali stopu za ulimi hubaki karibu pale pale. Matokeo ni ugomvi masikioni. Kama hakuna mtu karibu anayeweza kurekebisha sauti mara kwa mara, iache kwanza.

Vivyo hivyo Seleste, ambayo safu yake hupandishwa kidogo makusudi ili sauti ipepee. Ni nzuri wakati wa tafakari, lakini haiongozi wimbo. Mwombe fundi aache nafasi tupu kwenye sanduku la upepo, stopu hizo zije fedha zikipatikana.

Na kibodi ya pili? Mshika mawili moja humponyoka. Kama fedha zinatosha kibodi moja nzuri au mbili dhaifu, chukua moja nzuri.

Jaribu kabla ya kusaini

Johann Sebastian Bach, alipoitwa kukagua ogani, kwanza alivuta stopu zote na kupiga kwa nguvu ili ajue kama chombo kina mapafu mazuri. Fanya hivyo. Shika nota nyingi kwa pamoja kwa mikono na miguu, kisha zipige kwa vipigo vifupi vifupi. Sauti ikiyumba, upepo hautoshi, na stopu yoyote utakayoongeza itazidisha udhaifu.

Kisha piga kila stopu peke yake, kibonyezo kwa kibonyezo. Bomba linalochelewa kulia au linalolia kwa nguvu kuliko majirani zake liandikwe. Kwa mabomba ya mbao, tafuta unga na matundu ya wadudu.

Mwisho, keti benchi la nyuma watu wakiwa wamejaa wanaimba. Miili na nguo hunywa sauti, hasa zile za juu, hivyo ogani iliyotosha kanisani Jumanne mchana inaweza kupwaya Jumapili. Ukiisikia tuni waziwazi bila ogani kuwafunika waimbaji, stopu zimechaguliwa sawasawa.

Basi, enyi wanakamati, msisaini mkataba kwa kusoma orodha peke yake. Mchukueni mpiga ogani na mwalimu wa kwaya, nendeni mkaisikilize ogani iliyojengwa na fundi huyo huyo, na muimbe nayo wimbo mzima mpaka ubeti wa mwisho.