Kabla ya Kuondoka Dirishani: Maswali Matano ya Kuuliza Kuhusu Dawa

Bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa 1×3 na 5/7: kwa wagonjwa wengi wa Kitale na Bungoma, hayo ndiyo maelezo yote wanayopewa kwenye dirisha la dawa. Nambari ya kwanza ni idadi ya tembe, ya pili ni mara ngapi kwa siku, na 5/7 ni siku tano. Ukikuta 2/52, ni wiki mbili. 1/12 ni mwezi mmoja. Lakini hata ukizisoma sawasawa, bado hujajua dawa hiyo inatibu nini, inamezwa kabla au baada ya kula, wala ni dalili gani zikurudishe kwa daktari.

Mwongozo huu ni wa yule anayetunza dawa nyumbani: mama, baba, au mjukuu anayemsimamia nyanya yake mwenye presha. Hautachukua nafasi ya daktari. Utakusaidia kuitumia vyema dawa ambayo daktari amekuandikia, kwani dawa nzuri ikitumiwa ovyo hudhuru au hupotea bure.

Safari ya dawa mwilini

Tembe ikimezwa huyeyuka tumboni, hufyonzwa zaidi kwenye utumbo mdogo, kisha huingia katika damu. Damu hiyo hupitia kwanza kwenye ini, ambako sehemu ya dawa huvunjwavunjwa, ndipo inayobaki isambae mwilini. Mwishowe ini na figo huiondoa, na nyingi hutoka kwa mkojo. Ndiyo sababu mwenye ugonjwa wa ini au figo huhitaji dozi tofauti, na hana budi kumjulisha kila anayemhudumia.

Kila dawa ina muda wake wa kukaa katika damu. Amoksilini hupungua kwa nusu baada ya saa moja hivi, kwa hiyo humezwa kila baada ya saa nane. Amlodipini ya presha huchukua saa 30 hadi 50 kupungua kiasi hicho, ndiyo maana tembe moja kwa siku hutosha. Basi ukiandikiwa 1×3, gawa siku nzima kwa tatu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Ukimeza zote tatu kabla ya jua kutua, usiku kucha damu itabaki na dawa kidogo mno.

Wapo wanaodai sindano wakiamini ina nguvu kuliko tembe. Sindano hufaa mgonjwa anayetapika, aliyezimia au aliyezidiwa. Kwa magonjwa mengi ya kawaida, tembe hufanya kazi ileile bila maumivu na bila hatari ya jipu.

Maswali matano

1. Dawa hii inaitwaje na inafanya kazi gani? Uliza jina la dawa yenyewe, si la kampuni pekee. Panadol ni parasetamoli, Brufen ni ibuprofeni, Septrin ni kotrimoksazoli. Usipojua majina haya, utameza dawa moja mara mbili chini ya majina mawili.

2. Nimeze ngapi, saa ngapi, kwa siku ngapi? Mwombe mhudumu akuandikie saa zenyewe. Kama nyanya anaelewa Lubukusu au Kisabaoti zaidi ya Kiswahili, omba aelezwe kwa lugha hiyo.

3. Ni kabla ya kula au pamoja na chakula? Jibu hili hubadilisha kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu.

4. Nisiichanganye na nini? Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba, sindano au vipandikizi vya kupanga uzazi, na pombe. Sema kama una mimba au unanyonyesha.

5. Nikiona nini nirudi? Kuna madhara madogo yanayopita na kuna yale ya kukimbilia hospitali. Yatofautishe kabla ya kufika nyumbani.

Sasa tuyatumie maswali haya kwa magonjwa yanayozikuta nyumba nyingi.

Homa: pima kwanza

Bungoma imo katika ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria huenea mwaka mzima. Trans Nzoia huhesabiwa miongoni mwa kaunti za nyanda za juu, ambako malaria huzuka kwa misimu. Homa ya mtu wa Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, huenda ikawa ni nimonia au maambukizi ya mkojo. Hata Bungoma si kila homa ni malaria. Dai kipimo cha haraka cha tone la damu au cha darubini kabla ya kununua dawa.

Kenya iliachana na klorokwini mwaka wa 1998 baada ya vimelea kuwa sugu, ikahamia Fansidar. Nayo ilipolemewa, sera ya mwaka wa 2004 ilichagua AL, yaani artemeta na lumefantrini, ambayo ilianza kutolewa kwa wingi vituoni mwaka wa 2006. Fansidar ilibaki kuwakinga waja wazito katika maeneo yenye malaria nyingi. Usiinunue kutibu homa.

AL hupimwa kwa uzito. Tembe za kawaida hutolewa hivi kwa kila dozi: kilo 5 hadi chini ya 15, tembe moja; kilo 15 hadi chini ya 25, mbili; kilo 25 hadi chini ya 35, tatu; kilo 35 na zaidi, nne. Dozi ni sita kwa siku tatu. Ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Lumefantrini hufyonzwa vizuri ikipata mafuta, kwa hiyo imeze pamoja na chai ya maziwa, karanga au parachichi. Homa ikishuka siku ya pili usiache, kwani bado kuna vimelea katika damu. Mgonjwa akiitapika mara tu baada ya kuimeza, mrudishe kituoni.

Degedege, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida au usingizi usioamshika ni dalili za malaria kali. Hapo hakuna tembe ya kujaribu nyumbani. Mgonjwa anahitaji sindano za artesuneti hospitalini, usiku huohuo.

Presha na sukari: dawa za kila siku

Presha haiumi mpaka imevunja kitu. Mtu anamaliza tembe za mwezi mmoja, anajisikia mzima, anaacha. Miezi baadaye anapata kiharusi. Dawa hizi hushusha presha siku unazozimeza tu. Amlodipini hulegeza mishipa ya damu na inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Enalaprili huzuia kemikali inayokaza mishipa, na baadhi ya watu huwaletea kikohozi kikavu. Haidroklorothiazidi huongeza mkojo, kwa hiyo imeze asubuhi ili ulale. Ukipata tatizo, rudi ubadilishiwe dawa badala ya kuacha. Mwanamke anayetumia enalaprili au losatani akishika mimba aende kliniki mara moja, kwa sababu dawa hizo humdhuru mtoto tumboni.

Wahamasishaji wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba ya vifaa mwaka wa 2023, na ndani yake mna mashine ya presha na kipimo cha sukari. Mtafute wa kijijini kwako kabla ya kutumia nauli kwenda mjini kupimwa.

Kwa kisukari, metifomini humezwa pamoja na chakula ili isichafue tumbo. Glibenklamidi husukuma kongosho kutoa insulini, kwa hiyo usiimeze kisha ukakosa kula. Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa ni dalili kwamba sukari imeshuka. Kama mgonjwa anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, kisha chakula. Kama hajitambui, usimnyweshe chochote, mkimbize hospitali.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, mbali na sehemu ya kugandisha. Iliyofunguliwa hudumu takriban wiki nne mahali penye baridi. Pasipo friji, iweke kwenye chombo kisichoingiza maji, kisha ndani ya chungu chenye unyevu kivulini.

Pumu: dawa ipite njia sahihi

Wakati wa kupukuchua mahindi Trans Nzoia, vumbi huwabana wengi kifua. Salbutamoli ya kuvuta hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache. Beklometasoni hutuliza uvimbe wa ndani polepole, na hutumiwa kila siku hata kama kifua kimetulia. Ukiona unaihitaji salbutamoli karibu kila siku, pumu yako haijadhibitiwa.

Tikisa kifaa, toa pumzi yote, bonyeza mara moja huku ukivuta polepole, kisha zuia pumzi hadi uhesabu kumi. Subiri kidogo kabla ya kubonyeza tena. Baada ya beklometasoni, sukutua mdomo na uteme maji ili usipate utando mweupe kinywani. Kwa mtoto, chukua chupa safi ya plastiki ya mililita 500, toboa kitako chake kwa ukubwa wa mdomo wa kifaa, kisha mtoto aweke mdomo kwenye shingo ya chupa na apumue mara tano au sita kwa kila unapobonyeza. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ni dharura.

Tumbo na maumivu

Kiungulia na vidonda vya tumbo hutibiwa kwa omeprazoli, ambayo hupunguza asidi. Imeze nusu saa kabla ya kiamshakinywa. Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Akionekana kwenye kipimo, daktari huongeza antibayotiki mbili. Chanzo kingine kikubwa ni ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, ambazo wakulima wengi humeza kwa maumivu ya mgongo. Dawa hizi hudhoofisha ute unaokinga tumbo, na ibuprofeni na diklofenaki pia hupandisha presha na kuumiza figo. Zimeze baada ya kula, kwa siku chache tu. Mwenye vidonda, presha au ugonjwa wa figo azungumze na daktari kwanza. Choo cheusi kama lami ni dalili ya damu kuvuja ndani, nenda hospitali.

Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, ila ikizidi huharibu ini. Mtu mzima asizidishe tembe nane za miligramu 500 kwa saa 24, na mnywaji wa chang'aa au mwenye ugonjwa wa ini apate ushauri kwanza. Soma pakiti za dawa za kichwa zinazouzwa madukani, kwani baadhi huchanganya aspirini, parasetamoli na kafeini. Usimpe mtoto aspirini.

Mtoto akiharisha, tiba kuu ni maji ya ORS pamoja na zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Soma pakiti ujue inachanganywa na nusu lita au lita nzima. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Flagyl haihitajiki kwa kila kuharisha. Lakini damu ikionekana kwenye choo, mpeleke kituoni.

Makosa yanayorudiwa sana

Mafua husababishwa na virusi, na Amoxil haiui virusi. Antibayotiki zisizohitajika huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu. Usitumie zilizobaki za mwaka jana wala kumgawia jirani.

Doksisaiklini na siprofloksasini hushikana na maziwa, dawa za asidi na tembe za madini ya chuma, hata zisifyonzwe. Zitenganishe kwa saa kadhaa. Tembe za chuma za waja wazito nazo huzuiwa na chai; zimeze kwa maji, na usishtuke choo kikiwa cheusi kidogo. Rifampisini ya kifua kikuu hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara, lakini hudhoofisha tembe na vipandikizi vya kupanga uzazi. Piriton huleta usingizi: mwendeshaji wa bodaboda asiimeze kisha akapanda pikipiki.

Dawa ya maji ya mtoto ipime kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chake. Kijiko cha jikoni hakina kipimo. Weka dawa zote mbali na jua, moshi wa jiko na mikono ya watoto.

Nunua kwa macho wazi

Ingia kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyobandikwa ukutani. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi, kagua kama pakiti imefunguliwa, na ukatae tembe zilizobadilika rangi. Dawa ikikudhuru, rudi nayo pamoja na pakiti yake na umwombe mhudumu aripoti kwa Bodi. Ripoti kama hizo ndizo husaidia dawa mbovu kuondolewa sokoni.

Wengi hunyamaza dirishani kwa kuogopa foleni iliyo nyuma yao au uso wa mhudumu aliyechoka. Usinyamaze. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma, na dawa ni mojawapo. Andika maswali matano nyuma ya kadi yako ya kliniki, yaulize yote, na urudie majibu kwa sauti ili mhudumu akusahihishe ulipokosea. Dakika mbili hizo ni sehemu ya matibabu.