Somo la Afya: Swichi Ndani ya Kansa ya Titi



Leo tunajifunza kwa nini seli za titi huweza kuacha kazi yake na kuanza kuzaana ovyo. Wapo wanaosema mgonjwa amerogwa. Hapa hatutabishana nao, tutaeleza tu lililomo mwilini.

Kazi za seli hufanywa na protini. Protini ikiisha kutengenezwa yaweza bado kubadilishwa, na badiliko moja kubwa ni kubandikwa fosfati, kitu kidogo mno. Sisi tuliozoea mashine tuifikirie kama swichi: protini nyingi zikibandikwa fosfati huwaka, ikibanduliwa huzimika. Edwin Krebs na Edmond Fischer waliigundua swichi hiyo Marekani katika miaka ya 1950, nao walikuwa wakichunguza misuli, si kansa. Mwaka 1992 walipewa Tuzo ya Nobel.

Juu ya seli ya titi ipo protini iitwayo HER2. Inapoungana na mwenzake hubandikana fosfati, na amri ya kuongezeka hupita mpaka kwenye kiini cha seli. Katika seli nzima amri hiyo hukoma. Lakini katika kansa za titi karibu moja kwa kila tano, au pungufu kidogo, HER2 huwa nyingi kupita kiasi. Swichi haizimiki, na uvimbe hukua upesi. Dawa ya trastuzumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, huishika HER2 na kuipunguza nguvu.

Kansa zilizo nyingi zaidi hutegemea homoni ya estrojeni. Hizo hutibiwa kwa tamoksifeni, inayoziba kipokezi cha homoni hiyo. Kipokezi nacho kikibandikwa fosfati chaweza kuamka hata homoni ikiwa haba, na hii ni sababu mojawapo ya dawa kuwashinda wagonjwa wengine.

Basi dawa ya jirani huenda isimfae mwingine. Kipande cha uvimbe lazima kipimwe aina yake, na mgonjwa ana haki ya kuuliza jibu. Asingoje maumivu, kwani uvimbe wa kansa mara nyingi hauumi mwanzoni.

Kutoka Koboko mtu huenda Hospitali ya Rufaa ya Arua. Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, iko Mulago, Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua. Dada zetu wengi huiahirisha safari hiyo wakiogopa kukatwa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mfanyakazi mgonjwa, aliyekwisha kufanya kazi angalau mwezi mmoja, mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Amjulishe mwajiri mapema, na akitakiwa alete cheti cha daktari.